Joto la Shambani na Kemia ya Mboga: Kwa Nini Mbegu Ileile Hutoa Lishe Tofauti

Nyanya iliyoivia kwenye mche wakati wa jua kali mara nyingi huwa na alama ambayo wakulima wengi wanaifahamu hata kama hawajawahi kuelezwa chanzo chake: upande uliojificha chini ya majani ni mwekundu barabara, ilhali upande ulioelekea jua, hasa mabegani karibu na kikonyo, umebaki wa njano au wa rangi ya chungwa. Tunda ni moja, mche ni mmoja, maji na mbolea ni vilevile, na pande zote mbili zimeiva kwa siku zilezile. Kilichotofautiana ni joto. Chini ya ngozi ile nyembamba kazi ya kemikali imeendeshwa katika hali mbili zisizofanana, na ukilipeleka tunda hilo maabara na kupima kila upande peke yake, utakuta kwamba lishe yake nayo imegawanyika.

Nyanya changa ni ya kijani kwa sababu ya klorofili. Inapoanza kuiva, klorofili huvunjwavunjwa, na vyumba vidogo vya ndani ya seli vilivyokuwa vimeihifadhi hugeuka kuwa ghala la karotenoidi, yaani lile kundi la rangi za njano, chungwa na nyekundu. Wekundu wa nyanya hutoka kwa mmoja wa jamii hiyo, likopeni. Vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia ndani ya seli, vinavyoiunda likopeni hufanya kazi vizuri joto la tunda likiwa kati ya takribani nyuzi 20 na 25 za sentigredi. Likipita nyuzi 30 kazi hiyo hudhoofika, na kuanzia kama nyuzi 32 huwa karibu imesimama. Beta-karotini, ambayo ni ya rangi ya chungwa, hustahimili zaidi, na huendelea kuundwa wakati likopeni imekwama. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, Benjamin Duggar, alilieleza jambo hili tangu mwaka 1913, na akaonyesha pia kwamba kizuizi hicho si cha kudumu: tunda lililokwama likirudishwa kwenye joto la wastani huendelea na safari yake hadi likawa jekundu. Ikumbukwe kwamba joto linalohusika hapa ni la tunda lenyewe. Tunda lililopigwa na jua moja kwa moja linaweza kuzidi hewa inayolizunguka kwa nyuzi 10 au hata zaidi, hivyo siku ambayo kipimajoto kivulini kinasoma nyuzi 26, bega la nyanya huenda limeshavuka mpaka.

Sasa tujiulize: upande ule wa njano umepungukiwa lishe? Likopeni si vitamini, na mwili hauwezi kuigeuza kuwa vitamini A. Thamani yake inatajwa kwa sababu huzuia oksijeni kali, yaani aina za oksijeni zinazoshambulia kila zinachokigusa, isiharibu seli. Beta-karotini ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kwa hiyo upande uliopigwa na jua umepoteza sehemu kubwa ya kemikali moja na kubaki na nyingine, na mtu anayetaka jibu la neno moja, kwamba joto "limeharibu" au "halijaharibu" lishe, hawezi kulipata kwa uaminifu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mijadala mingi kuhusu mboga na joto inapopotea njia. Lishe huzungumzwa kama maji ndani ya ndoo, ambayo ama yamejaa ama yamepungua. Kinachokuwamo ndani ya mboga ni mamia ya kemikali, na kila moja ipo kwa ajili ya kazi ya mmea wenyewe. Mmea hautengenezi vitamini C kwa ajili yetu. Ukitaka kujua joto litaifanya nini kemikali fulani, uliza kwanza mmea unaitumia kwa kazi gani, kisha uliza kazi hiyo inaongezeka au inapungua joto linapopanda.

Msingi wa yote ni sukari, kwa kuwa ndiyo malighafi ya karibu kila kitu kingine. Jani huunda sukari mchana kwa usanisinuru, na mmea mzima huiteketeza mchana na usiku kwa kupumua ili upate nishati ya kuishi na kukua. Shughuli hizi mbili haziitikii joto kwa namna moja. Kasi ya kupumua hukaribia kuongezeka maradufu kwa kila ongezeko la nyuzi 10, ndani ya mipaka ambayo mmea unaivumilia. Usanisinuru nao huongezeka mwanzoni, lakini kwa mboga nyingi hufika kilele mahali fulani kati ya nyuzi 20 na 30, kisha hushuka. Sababu mojawapo ni udhaifu wa kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho kazi yake ni kunasa kaboni dioksidi. Rubisko mara nyingine hukosea na kunasa oksijeni, na kila inapokosea mmea hulazimika kutumia nishati na kupoteza sehemu ya kaboni ambayo ulikwisha kuipata. Joto linapopanda, kaboni dioksidi huyeyuka ndani ya maji ya jani kwa upungufu mkubwa kuliko oksijeni, na rubisko yenyewe huzidi kutotofautisha kati ya hewa hizo mbili, hivyo makosa huongezeka. Mapato yanapungua wakati uleule ambao matumizi yanapanda. Usiku wenye joto huzidisha hali hiyo, kwa sababu mmea haupati mwanga wowote wa kujazia kile unachokiteketeza, na asubuhi inaukuta na akiba ndogo kuliko ile ambayo ungekuwa nayo baada ya usiku wa ubaridi.

Vitamini C huonyesha vizuri jinsi hesabu hii ya mapato na matumizi inavyofanya kazi. Mmea huiunda kutokana na glukosi, na huitumia kama askari wa zamu dhidi ya oksijeni kali inayozalishwa hasa pale jani linaponasa mwanga mwingi kuliko linavyoweza kuutumia. Siku ya baridi yenye jua, hali ni hiyo hasa: mwanga unaingia kama kawaida, lakini vimeng'enya vinakwenda polepole, nishati inarundikana, na jani hujibu kwa kuongeza vitamini C. Kwa kuwa kupumua kumepungua, sukari ya kuiundia ipo tele, na kasi ya kuharibika kwake pia ni ndogo. Siku ya joto kali nayo huzalisha oksijeni hiyo mbaya, pengine kwa wingi zaidi, lakini hapo vitamini C inatumika haraka, inaharibika haraka, na malighafi yake imepungua. Ndiyo maana mboga nyingi za majani zilizokuzwa katika ubaridi wa wastani hupimwa zikiwa na vitamini C nyingi kuliko zile za jamii hiyohiyo zilizokuzwa kwenye joto, ingawa mahitaji ya kinga yalikuwepo pande zote mbili.

Ubaridi una jambo jingine ambalo hata ulimi unaweza kulithibitisha. Sukumawiki, kabichi na spinachi zilizopitia usiku kadhaa wa baridi inayokaribia kugandisha huwa tamu kuliko zilivyokuwa wiki moja kabla. Mmea unaozisikia dalili za baridi hupunguza kukua, huvunja wanga wake kuwa sukari, na kuzirundika sukari hizo ndani ya maji ya seli. Vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji hushusha kiwango cha kuganda. Ni kanuni ileile inayofanya maji ya bahari yagande kwenye takribani nyuzi 1.8 chini ya sifuri badala ya sifuri kamili. Kwa mmea ni suala la uhai, kwa sababu barafu ikijijenga ndani ya seli huipasua. Sisi tunaokula tunakutana na matokeo ya mapambano hayo kama utamu.

Utando unaozizunguka seli nao hubadilika, na mabadiliko haya husahauliwa mno. Utando huo umejengwa kwa mafuta, na mafuta hugandamana yakipoa, kama siagi inavyokuwa ngumu mahali penye baridi huku mafuta ya alizeti yakiendelea kutiririka. Utando ulioganda hauwezi kufanya kazi, hivyo mmea ulio kwenye baridi huongeza asidi za mafuta zisizoganda upesi, na katika majani ya kijani iliyo kuu miongoni mwa hizo ni asidi alfa-linoleniki, ya kundi la omega-3. Kwenye joto mmea hufanya kinyume: utando unakuwa mwepesi kupita kiasi na kuanza kuvuja, kwa hiyo mmea hupunguza asidi hizo ili uukaze. Kiasi cha mafuta katika mboga za majani ni kidogo, na hakuna anayezitegemea kwa ajili hiyo, lakini ni mfano safi wa kemikali inayofuata joto kwa sababu inayoeleweka tangu mwanzo hadi mwisho.

Kabla ya kuendelea inabidi kutaja mtego wa vipimo, kwa kuwa umewapotosha hata watu makini. Mboga kwa sehemu kubwa ni maji: nyanya ina maji kwa takribani asilimia 94 au 95, spinachi takribani 91, karoti takribani 88. Vipimo vingi vya lishe hutolewa kwa kila gramu 100 za mboga mbichi. Tuseme nyanya mbili zimeunda kiasi kilekile cha kila kitu, ila moja ilikua katika joto na ukavu ikawa na asilimia 6 ya mada kavu, yaani kile kinachobaki maji yakiondolewa, badala ya 5. Katika kila gramu 100, nyanya ya kawaida ina gramu 5 za mada kavu na ile ya joto gramu 6, na ghafla ile ya pili itaonekana kuwa na sukari, madini na vitamini zaidi kwa moja ya tano, ilhali mmea haukuunda hata chembe ya ziada. Tunda lake limekuwa dogo tu. Kinyume chake, jani lililokua haraka kwa joto la kupendeza na maji mengi linaweza kuonekana maskini wa virutubisho kwa sababu limejaa maji, si kwa sababu mmea umeshindwa kuunda. Anayesoma kwamba joto limeongeza au limepunguza virutubisho anapaswa kuangalia kama kipimo ni cha uzito mbichi au uzito mkavu, na mavuno kwa jumla yalikuwa kiasi gani. Bila hayo, tarakimu haina maana kubwa.

Hadi hapa joto limeonekana kama mwizi, lakini ziko kemikali ambazo huongezeka nalo, na nyingi kati ya hizo tunazijua kwa ukali au uchungu wake. Kitunguu kilichokuzwa kwenye joto huwa kikali zaidi, kwa kuwa mmea umeongeza kemikali za salfa ambazo hutoa ule ukali pindi kisu kinapozipasua seli. Letusi ikipata joto hupokea ishara ya kuacha kutoa majani na kuanza kuchanua; homoni za aina ya jiberelini hurefusha shina lake, na utomvu mweupe unaobeba laktusini na jamaa zake hujaa katika majani, ndipo yanapokuwa machungu. Karoti nayo ina hadithi ndefu kidogo. Majaribio yaliyofanywa Norway katika vyumba vyenye joto linalodhibitiwa, kuanzia nyuzi 9 hadi 21, yalionyesha kwamba karoti za ubaridi zilikuwa tamu zaidi na zile za joto zilikuwa na ladha chungu zaidi, sambamba na ongezeko la tapini, mafuta yale mepesi yanayoipa karoti harufu yake. Hata hivyo rangi yake, yaani beta-karotini, haipendi baridi kali: hujengeka vizuri zaidi udongo ukiwa na joto kati ya takribani nyuzi 15 na 21, na hufifia pande zote mbili za kiwango hicho. Karoti tamu kupita zote, kwa hiyo, si lazima iwe ndiyo yenye vitamini A nyingi kupita zote.

Brokoli na ndugu zake wa jamii ya kabichi huleta ugumu zaidi. Wana glukosinoleti, kemikali za salfa zinazowalinda dhidi ya wadudu, na ambazo zikivunjwa wakati wa kutafuna hutoa vitu kama salforafani vinavyochunguzwa sana kwa manufaa yake kiafya. Katika machipukizi ya brokoli imeonekana kwamba glukosinoleti huweza kupanda joto likiwa juu na pia likiwa chini, huku kiwango cha kati, ambacho mmea unakifurahia, kikitoa kidogo zaidi. Mantiki yake ni kwamba mmea uliostarehe hutumia rasilimali zake kukua, na mmea uliobanwa huzielekeza kwenye ulinzi. Tunachokiita uchungu au ukali mara nyingi ni ulinzi huo. Sikubaliani na wanaosema mboga iliyogeuka chungu kwa joto imekosa thamani. Imepoteza mvuto mdomoni, na hilo ni hasara ya kweli kwa kuwa mboga isiyolika haimlishi mtu, lakini kikemia huenda imeongeza vitu zaidi ya ilivyopoteza.

Rangi za zambarau na nyekundu za kabichi na letusi, ziitwazo anthosiyanini, ziko upande wa baridi bila utata mwingi. Joto huzizima jeni zinazoamuru zitengenezwe, na wakati huohuo huharakisha kuvunjika kwa zile zilizokwisha kutengenezwa, ndiyo sababu letusi nyekundu hupauka wakati wa joto na kukolea ubaridi unaporudi.

Muda wa joto nao una uzito sawa na ukali wake. Letusi changa zilizowekwa kwenye nyuzi 40 kwa dakika 10 tu, au kwenye nyuzi 4 kwa siku moja, ziliongeza kwa kiasi kikubwa kemikali za fenoli, ambazo ni kundi jingine la walinzi, na hazikudhoofika sana kwa uzito. Mshtuko mfupi huuamsha mmea na kuupa nafasi ya kujibu. Joto hilohilo likiendelea kwa siku nyingi, mmea huishiwa na sukari ya kulipia ulinzi, vimeng'enya vyake huanza kupoteza umbo, na mkondo wa kuunda hugeuka kuwa mkondo wa kubomoka. Kwa hiyo wastani wa joto wa mwezi mzima hautoshi kueleza kilichotokea ndani ya jani, kwa kuwa miezi miwili yenye wastani mmoja inaweza kuwa na siku zisizofanana hata kidogo.

Madini yana njia yake, maana mmea hauyaundi bali huyavuta kutoka ardhini. Kalsiamu husafiri pamoja na maji yanayopanda kuelekea mahali yanakovukizwa, na haiwezi kuhamishwa kirahisi baada ya kufika. Siku ya joto na hewa kavu, majani makubwa huvukiza maji mengi na kuivuta karibu kalsiamu yote, huku tunda, ambalo huvukiza kidogo sana, likibaki na njaa. Kuoza kwa kitako cha nyanya na kuungua kwa kingo za majani machanga ya letusi ni matokeo ya njaa hiyo, hata pale udongo wenyewe una kalsiamu ya kutosha. Baridi nayo ina ubahili wake: mizizi iliyo kwenye udongo wa baridi huchukua fosforasi kwa shida, na miche ya nyanya hudhihirisha hilo kwa rangi ya zambarau chini ya majani.

Nitreti, aina ya nitrojeni ambayo ikizidi ndani ya mboga huhofiwa kiafya, inastahili kutajwa kwa sababu mara nyingi lawama yake hubebeshwa joto au baridi wakati mhusika mkuu ni mwanga. Mboga za majani huchukua nitreti kutoka udongoni na kuigeuza kuwa protini, na kazi hiyo inahitaji nishati inayotokana na mwanga. Mwanga ukiwa hafifu, nitreti hurundikana. Sheria za Umoja wa Ulaya zinalitambua hilo waziwazi: letusi ya kitalu nyumba inayovunwa miezi ya baridi inaruhusiwa kuwa na nitreti hadi miligramu 5,000 kwa kilo, na inayovunwa miezi ya joto hadi 4,000; kwa letusi ya shambani viwango ni 4,000 na 3,000. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba baridi huongeza nitreti, lakini kinachotofautiana zaidi kati ya majira hayo ni urefu na ukali wa mwanga. Utata huu unaihusu mada yote. Joto na mwanga hutoka kwenye jua lilelile, na shambani ni vigumu kuvitenganisha. Ndiyo maana majaribio yanayoaminika zaidi ni yale ya vyumba ambamo kimoja hubadilishwa na kingine kikashikiliwa palepale.

Ongezeko la joto duniani linaleta kigezo cha tatu, kwa kuwa linakuja pamoja na ongezeko la kaboni dioksidi yenyewe, kutoka takribani sehemu 280 kwa milioni kabla ya zama za viwanda hadi zaidi ya 420 sasa. Kaboni hiyo ya ziada huisaidia rubisko kupunguza makosa yake, hivyo mboga huelekea kuongeza sukari, na mara nyingi vitamini C, huku protini, chuma na zinki zikipungua kwa uwiano. Joto kali linasukuma sukari upande wa pili. Nani atashinda hutegemea aina ya mboga na jinsi mahali husika palivyo karibu na kikomo cha mmea. Kuhusu wingi wa mavuno picha ni wazi zaidi: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, wakiunganisha majaribio mengi, ulikadiria kwamba katika maeneo ambayo tayari yana joto la nyuzi 20 au zaidi, ongezeko la nyuzi 4 hupunguza mavuno ya mboga na jamii ya kunde kwa wastani wa asilimia 31.5. Kuhusu ubora wa lishe watafiti haohao walikuta ushahidi mchache na wenye kuchanganyika, na kwa yote yaliyoelezwa hapo juu hilo halishangazi.

Kwa mkulima, hatua zinazofaa hufuata kemikali anayoitaka. Anayelima mboga za majani ndani ya kitalu nyumba anaweza kukifungua pande zote siku chache kabla ya kuvuna, ubaridi wa usiku uingie na kukusanya sukari na vitamini C katika majani yaliyokwisha kukua. Anayelima nyanya katika joto ana sababu ya kutopogoa kupita kiasi, kwa kuwa jani lililo juu ya tunda ni mwavuli, na anaweza kuvuna tunda likiwa limeanza kubadilika rangi na kulimalizia kwenye nyuzi 20 hadi 25 ili likopeni ipate nafasi yake. Neti ya kivuli hupunguza joto la tunda, lakini hupunguza pia mwanga, na mwanga ukipungua sana vitamini C hushuka na nitreti hupanda kwenye majani. Kwa hiyo ukali wa neti uchaguliwe kwa kupima joto la tunda au jani lenyewe saa za mchana, wala si la hewa iliyo kivulini.